Nyoosha Mikono

Kidonge cha waridi kimenitoroka, kimeingia chini ya jiko.
Nakisaka kwa mwiko, kwa magoti:
pakiti moja imemeza gunia zima la viazi.

Miaka ya divai ilimla ini,
na ulimi wake ukanikata mimi maini.
Hayo tuliyazoea.

Lakini usiku ule Ilarion, fundi saa,
alitia saa ya jirani ndani ya supu,
akaniita kwa jina la dada yake, marehemu,
akauliza treni ya Odesa imeshapita?
Kijiji hiki hakijaona reli.

"Si wazimu," alisema daktari Cebotari.
"Ini limeacha mlango wazi,
sumu ya tumbo imepanda kichwani."
Dawa hii haipandi popote.
Inabaki humo humo utumboni, inafagia.

Asubuhi, saa mbili: nyoosha mikono.
Vidole havipigi tena mbawa.
Cha pete tu kinatikisika,
kama mtu anayekana deni.

Andika jina lako, namwambia.
Anaandika langu: Profira,
irabu ya mwisho imeteleza nje ya mstari.

Simsahihishi. Namimina maji.