Waya Wenye Mstari

Kondo hakuuliza gari limetembea kilomita ngapi.
Alipenyeza bisibisi ukingoni mwa paneli ya mlango,
akapiga kiganja mara moja, klipu zikaachia
tak, tak, tak, kama mtu anayealisha vidole asubuhi,
na Karina yangu ya mwaka tisini na saba
ikabaki imevuliwa nguo, Gerezani, saa sita mchana,
mbele ya wachomeleaji wa mageti na muuza karanga.

Ndani ya mlango: mchanga wa masika kadhaa,
risiti ya maegesho iliyofutika wino,
na kibanio cha nywele
alichokitafuta Hidaya mpaka tukachelewa harusi ya watu,
akaniambia nimekikalia, nikamwambia hanijui.

Halafu spika yenyewe.
Karatasi.
Miaka yote hii nilikuwa nasikilizishwa karatasi,
kingo zimeliwa na joto la pwani, zimebanduka
kama ukoko wa wali uliolowekwa,
na mgongoni maneno ya Kijapani
yasiyosomwa na mtu tangu gari literemshwe melini.
Kupitia hapa zilipita mechi, tanzia, bei ya korosho,
na kila msomaji wa habari alisikika ana mafua.

"Hizi za kiwandani, bosi,
zilitengenezwa zitoshe. Hazikutengenezwa zipendeze."

Tundu la mlango halikulingana na spika mpya.
Kondo akachonga pete mbili za mbao
kutoka kwenye ubao wa kitanda cha nani sijui,
akakaza skrubu, akaunga waya, akafungulia redio.

Sauti ikatoka safi, kali, haina tumbo.
Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo hela niliyotoa.
Kondo akaisogeza sauti yote kulia: besi hii hapa.
Akaipeleka yote kushoto: besi, tena nzito.
Akairudisha katikati,
ikanywea, kama mtu aliyetajwa jina kikaoni.

"Umeona? Kila moja peke yake nzima.
Zikiwa pamoja zinakulana."

Akachomoa betri kwenye saa ya ukutani ya banda lake,
akagusisha waya za mlango wangu: koni ikachomoza.
Akazunguka, akagusisha za mlango wa abiria:
koni ikadidimia.
"Fundi aliyekufungia alamu ndiye aliyegeuza waya.
Wenye mstari kauweka pasipo mstari.
Hii ikisukuma hewa, hii inavuta.
Spika hazina kosa."

Alamu tuliifunga mwaka tuliohamia Kimara.

Sikumwambia Kondo kwamba kiti cha kushoto
kina wiki ya tatu hakijakaliwa,
kwamba shangazi zake na wajomba zangu
walikunja jamvi usiku wa manane
baada ya kupekua, kwa adabu zote, nani kati yetu mbovu.
Walinisikiliza peke yangu, nikaonekana mzima.
Walimsikiliza peke yake. Mzima.
Wakaondoka wamechoka, chai haijanywewa.

Nikamshikia Kondo tochi ya simu.
Akakata, akamenya, akabadilisha, akafunga gundi nyeusi.
Kazi ya dakika nne.
Aliporudisha betri, saa ilikuwa imechelewa kidogo;
hakuirekebisha.

Na besi ilipokuja ilikuja na mengine:
dashibodi ikalia, kishikio kikalia,
kibati cha namba kikatetema huko nyuma.
Kila kilicholegea sasa kinajulikana.
"Hiyo siku nyingine," Kondo akasema, anahesabu noti,
"na hela nyingine."

Spika kuukuu akanifungia kwenye kiroba cha unga,
kana kwamba kuna mtu nyumbani atazidai.
Kibanio nikakibana kwenye kizuia-jua, upande wa abiria.

Kufika taa za Kamata nilikuwa sijaamua.
Nyumbani ni Kimara. Kwa dada yake ni Mbagala.
Wa nyuma yangu akapiga honi,
nikaishika Barabara ya Kilwa,
kibati kinatetema kila ngoma ilipogusa chini,
na sikupunguza.