Mshika Gunia

Nilishika gunia. Hilo sijalikana,
si kituoni Wete, wala mbele ya jaji kule Chake,
wala kwa mama aliponiuliza kwa macho tu.
Nililishika hivi, mdomo wazi, mikono miwili,
kama mtu anayekinga maji ya mvua.

Usiku ule uwanda wa Bwana Abeid ulikuwa umejaa:
majamvi kumi na moja, karafuu za siku ya tatu,
zimeshageuka rangi, bado jua la siku moja
zipelekwe kwenye mizani.
Shaame aliingia. Mimi nilibaki uchochoroni
penye migomba, honda tumeilaza chini
isije ikang'aa.
Pishi nne, alisema. Pishi nne tu,
hata mwenyewe atadhani kakosea kupima.

Ngoeko ilikuwa ya kwetu.
Mama aliivutia matawi msimu mzima,
nami nikaichukua tuinulie komeo kwa juu ya ua.
Jaji aliigusa kwa ncha ya kalamu.
"Hii ni yako?"
Ya nyumbani, nikasema.
Karani akaandika: yake.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana, sauti laini.
Alisema sheria haihesabu mikono.
Wawili wakitoka na nia moja,
njiani likazaliwa jambo jingine
ambalo kila mwenye akili angeliona linakuja,
mtoto huyo ni wa wote wawili.
Nilimtazama kidole chake kikituonyesha,
Shaame, mimi, Shaame, mimi,
mpaka nikasahau kimeanzia wapi.

Mchuma janga hula na wa kwao.
Wakili wangu aliigeuza hiyo mbele ya jaji:
mteja wangu si wa kwao,
wala hakuchuma, alishika gunia.
Watu wa nyuma wakacheka.
Jaji hakucheka.
Mize, binti wa Mzee Ngwali, hakucheka,
kapakata kofia ya baba yake
iliyofuliwa, ikapigwa pasi,
ikabaki na alama moja isiyotoka.

Wakaniuliza namjua vipi Shaame.
Tulisoma chuo kimoja, nikasema,
tukichapwa kwa bakora moja.
Sikutaja yule punda wa Kangagani
aliyegoma kupanda kilima na mzigo wa makonyo,
wala alivyomfanya Shaame siku ile,
nami nimeshika kamba.

Na kuna hili, ambalo hakuna aliyeniuliza.
Pigo la kwanza nililisikia kama nazi inayoanguka.
Nikasema moyoni: nazi.
Pale hapana mnazi.
La pili nikalijua.
Baina ya la pili na la tatu pana nafasi,
si kubwa, lakini jina la mtu linapita.
Ningeita. Ningekohoa hata.
Honda ningeiwasha, taa ikamulika ua mzima.
Nilikaza mdomo wa gunia,
nikangoja.

Mzee Ngwali alikufa Alkhamisi, baada ya alasiri.
Shaame kapewa yake, nami yangu.
Mtaani wengine wasema zimelingana mno,
wengine wasema zimepishana mno.
Mama asema ni dhulma tupu.
Husema kila siku ya kuonana,
akifungua bakuli la muhogo wa nazi,
na vidole vyake vinanuka karafuu za mwaka huu.
Namwitikia, ndiyo mama, dhulma.
Muhogo nala.

Yangu mikono hainuki kitu siku hizi.
Ila nikizinduka usiku naikuta iko juu,
mbele ya kifua, mbalimbali kidogo,
vidole vimeshika ukingo wa kitu kilicho wazi,
vinangoja kitiwe.