Kinakohoa

Vigae elfu tatu kwa saa vilipita mbele ya macho yake,
vimetoka tanurini, vingali na joto la mkate,
na Remei Gascó, chaki mkononi, hakukagua kimoja kimoja:
alitazama mto, akachora jiwe.

Mimi ndiye niliyekuja na kamera.
Wiki sita nilikaa kando yake kwenye kiti cha plastiki,
pale Onda, nyuma ya reli iliyong'olewa,
nikiuliza: hiki je? Na hiki, kosa lake nini?
"Kimenuna."
Nikaandika: kivuli, pembe ya kushoto, asilimia mbili.
"Hiki kina mba."
Nikaandika: vitundu vya rangi.
"Hiki kinakohoa," akakigonga kwa ukucha, akanisogezea sikioni.
Sikusikia kitu.
Sikuandika.

Alijua. Siku ya kwanza tu aliniuliza nina watoto wangapi,
kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuusamehe.
Kisha akanimegea mkate wake wa nyanya na dagaa wa chumvi,
akanifundisha bila kuficha hata doa.

Kamera haisinzii. Haiendi msalani.
Haina binti anayeolewa Juni.
Wanawake kumi na wanne wa zamu ya usiku
wakawa wanne, kisha mmoja, wa kufuta vumbi kwenye lenzi.
Remei wakampa kiinua mgongo.
Miaka ishirini na miwili kauinamia ule mkanda:
fedha ilifika benki,
mgongo ukabaki pale pale.

Juzi nikamkuta Castelló, katika supamaketi mpya
isiyo na mtu wa kupokea pesa,
mashine tu, zinazosema asante kabla hujashukuru.
Alikuwa amepiga magoti kati ya mchele na sabuni,
mlinzi kasimama juu yake, hajui amkamate au aite daktari.
Akagonga sakafu. Akagonga tena. Akaniona.
"Njoo," akasema. "Hiki kinakohoa.
Ni cha kwenu. Ni cha baada yangu."

Nikaweka kikapu chini,
nikalaza sikio kwenye kigae baridi, mbele za watu.
Nilisikia friji zikinguruma,
viatu vya mlinzi,
damu yangu mwenyewe.
Nikamwambia: ndiyo, nasikia.

Akanitazama vile alivyozoea kutazama mto,
mkono ukipapasa mfukoni,
kama unaotafuta chaki.