Kumi na Tano

Ruta haina huruma wala chuki.
Inasoma kutoka juu kwenda chini
kama karani wa mpaka wa Ruzizi mwenye usingizi:
ikikuta mstari unaokufaa, inagonga muhuri,
yaliyo chini hayakuhusu tena.

Ramani hii ya njia aliiandika Mushagalusa
kabla ya kuhamia Kalemie na mapafu yake mabovu.
Ni orodha ya nani atajwe kwa setilaiti.

Kumi: anwani za zahanati ya Bagira. Ruhusu.
Ishirini: anwani za benki. Ruhusu,
lakini taja jina letu mara tatu mfululizo,
njia ionekane ndefu,
dunia ipite kwenye waya, ambako ni rahisi.

(Nilicheka niliposoma. Shangazi Nabahire hivyo hivyo:
akiona mkopaji anapanda ngazi za Kadutu
anapaza sauti dirishani,
kwangu mbali, baba, mbali, mbali.)

Baada ya ishirini, weupe.
Miezi saba niliuona ni weupe tu.

Jumanne mvua ilinyesha tangu saa tisa mchana.
Usiku udongo ukashuka,
nyumba, mihogo, nguzo, na waya wetu ndani yake.
Taa ya ruta ikawa nyekundu, kisha kijani: setilaiti imeshika.
Nikampigia Cirhuza, nikamwambia tuko salama.

Hatukuwa salama. Zahanati ilikuwa salama. Benki pia.
Mwisho wa kila orodha upo mstari
ambao hakuna aliyeuandika,
nao unasema: kataa.
Hausemi kwa sauti. Hautoi sababu, haugongi mlango.
Setilaiti haikuwahi kusikia kitu kiitwacho Kadutu.

Usiku ule Kadutu yote ilikuwa inauliza: uko hai?
Maswali yalitoka vizuri, niliyaona yakipanda.
Ni majibu
yaliyofika huko juu
yakakosa pa kushukia.

Saa nane na robo nikafungua ramani.
Vidole vyangu vilinuka mafuta ya jenereta.
Ningeweza kuandika thelathini,
mwishoni, kwa adabu, nyuma ya benki.
Ingetosha. Kwa ruta ni mamoja.
Kwangu si mamoja.

Kumi na tano: nyumba za Kadutu. Ruhusu.
Maneno yapite. Mpira na sinema vingoje jua.

Dakika mbili za kimya, dunia inajifunza jina.
Halafu simu yangu mwenyewe ikatetemeka mezani,
Nabahire, saa nne zilizopita:
we Nsimire, umekula?

Asubuhi Cirhuza ataleta bili mkononi
na kuniuliza ni nani aliyeniruhusu.
Sijui nitamjibu nini.
Najua tu kwamba Mushagalusa hakuhesabu moja, mbili, tatu.
Alihesabu kumi, ishirini,
akaacha nafasi tisa katikati
kwa mtu asiyemjua.

Nimetumia moja.