Dhamana

Februari, Hamtramck. Kila asubuhi nafagia theluji
juu ya magari hamsini na mawili yasiyo na mwenyewe.
Jana pia yalikuwa hamsini na mawili.

Redioni wanasema serikali imemwaga mabilioni,
kampuni itapumua.
Bosi kabandika karatasi kwenye kioo:
WARANTI YAKO SASA INALINDWA NA TAIFA.
Gundi imeganda kwa baridi, pembe moja inapepea.

Akaja Wanda Przybylski, muuguzi wa zamu ya usiku,
viatu vyeupe, macho mekundu.
Hakuuliza bei. Aliuliza:
“Kampuni ikizikwa, vipuri nitavifukua wapi?”
Nikamwonyesha karatasi. Dhamana, nikasema. Ya serikali.
Akacheka, cheko la mtu aliyekesha.
“Kaka yangu Kazimierz nimemtoa kwa dhamana mara mbili.
Mara ya pili aliniachia risiti, akatoroka.
Na hii kampuni yako nimeshailipia,
soma hati yangu ya mshahara, pale kwenye makato.
Leo unataka niinunue tena, kwa rejareja?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kalenda za bure,
nikampa moja.

Akalizunguka lile la buluu. Akafungua mlango wa kushoto,
akaufunga. Du.
Akafungua tena, akafunga, sikio ameliinamisha
kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa asiyetaka kusema.
Mumewe alipachika milango ya kushoto miaka kumi na tisa,
ya kushoto tu; wa kulia hakuwahi kuugusa.
Tangu Novemba yuko nyumbani, anakaza bawaba za makabati
ambazo hazijalegea.

“Mlango mzuri,” akasema.
“Mlango haujawahi kuwa tatizo.”
Kisha, akivaa glavu: “Nitarudi Alhamisi.”

Wakubwa wanaweza kuchapa noti usiku kucha;
imani haina mtambo.

Saa kumi na mbili jioni nazima taa za ukumbi,
natembea mitaa miwili hadi nyuma ya duka la mikate,
ninakoliegesha langu, la Kikorea,
bosi asilione.
Huwaka mara moja tu nikizungusha ufunguo.
Nalipenda. Naona haya.
Nakaa ndani, nangoja barafu iachie kioo.
Leo Jumatatu.