Mito Saba

Syombua aliponunua wa saba nilimuuliza:
sasa sisi tutakaa wapi?
Kochi ni la watu watatu, mito saba,
na mimi mgongo wangu ni wa msoma mita,
Kayole hadi Komarock, nikiinamia visanduku vya maji
kama mtu anayesalimia mawe.
Akasema: mito hii si ya kukalia.
Basi ni ya nini?
Akauweka pembeni, akaupiga pigo moja juu
kwa ubavu wa kiganja,
ukasimama na masikio mawili, kama paka.
Hilo ndilo jibu nililopewa.

Vitambaa alivijua kwa kidole gumba.
Eastleigh, ghorofa ya pili, dukani kwa Hodan,
nilisimama na mifuko huku wao wawili
wakibishania manjano:
hii ni ya bizari; hapana, ya embe bivu;
hapana, hii ni ya kuta za zahanati.
Mimi niliona manjano tu.
Walinitazama kwa huruma.

Usiku niliitupa sakafuni nipate kutazama mpira.
Asubuhi niliikuta imepanda tena,
imekaa kama kamati ya harusi,
mikubwa nyuma, midogo mbele,
na ule wa velveti ya zambarau
peke yake, kwenye kiti changu.
Kiti changu!
Nikawa mtu wa kuomba ruhusa nyumbani kwake.

Mwezi wa tano akaenda Doha kuuguza wazee wa watu,
mkataba wa miaka miwili.
Pale uwanja wa ndege alinishika kola,
nikajiandaa kwa neno zito.
Akasema: foronya zioshwe kwa maji baridi,
zipu zikiwa zimefungwa.

Wiki ya kwanza nililinyooshea kochi miguu yote.
Mito chini. Uhuru.
Wiki ya pili kikohozi changu kikaanza kunijibu ukutani.
Wiki ya tatu, Jumapili, kabla ya simu yake,
nikajikuta nimepiga magoti hapa Umoja,
wa manjano mkononi,
nisijue unakwenda kushoto au kulia.

Mji huu ulipewa jina la maji baridi.
Una mito yake: Ngong, Mathare, na Nairobi wenyewe.
Naijua, nimeivuka kwa buti,
imebeba povu na ndala zisizo na wenzake,
lakini inajua inakokwenda.
Hii yangu saba haina chemchemi wala mkondo,
ni vipande vya sponji ndani ya zipu,
na juzi usiku, taa zimezimwa,
ilinizamisha.

Simu ikalia. Huko saa ni zetu hizihizi,
jasho tu ndilo jingine.
Uso wake ukatokea, umechoka,
kisha macho yakanipita begani, yakaenda nyuma yangu.
Niliona midomo ikihesabu.
"Wa zambarau umeuweka na wa kijani?"
Ndiyo.
"Inagombana."
Iache igombane, nikasema. Nyumba imekuwa kimya mno.

Hakucheka. Akasema, subiri,
akaigeuza simu:
kitanda cha chuma, shuka nyeupe ya kampuni,
na juu yake mto mmoja mdogo
ameuvika shati langu la kazi, lile la samawati
nililoapa kuwa limeibwa kambani,
nikamnunia mtoto wa jirani mwezi mzima.
Mfuko wa kalamu bado upo.
Doa la kutu bado lipo.
Umesimama, masikio mawili.

Sikumuuliza kama huo ni wa kukalia.