Robo Mpya, Robo Tatu za Zamani

Mimi ni fundi wa kufuli, Matosinhos,
na mlango wa Leonilde niliufungua mwenyewe,
zimamoto wawili wakinipumulia kisogoni.
Sikuharibu hata skrubu moja.
Yeye alikuwa kitini, amekwisha kwenda,
na juu ya friji paka mweusi
akitutazama kama wateja waliochelewa.

Mpwa wake, Gualter, alichukua saa ya ukutani na televisheni.
"Na huyu?" nikauliza.
Akatazama ngazi.
Basi nikapanda ghorofa ya tatu na Farrusco ndani ya sanduku la zana,
kisha nikarudi kuchukua makopo kumi na moja:
sadini wa nyanya na pilipili,
kutoka kiwanda alimopanga samaki miaka thelathini na minne,
shingo huku, mkia kule,
hadi vidole vyake vikasahau kunyooka.

Hicho ndicho alichomlisha. Asubuhi sadini,
jioni mkate ndani ya maziwa,
Jumapili kijiko cha supu ya vitunguu,
kwa sababu apendwaye hanyimwi.

"Unataka afe?" aliuliza Daktari Zulmira,
akimbonyeza tumbo kama anayechagua parachichi.
Chumvi yote hii, na pilipili! Figo si mawe.
Kitunguu ni sumu kwake, hata kikipikwa.
Maziwa yatamharisha.
"Paka ni mla nyama, Bwana Adérito. Kazaliwa hivyo.
Kuna kitu moyo wake unakidai, jina lake taurini,
na kwenye mkate hakipati hata ukiuombea."

Nikaenda dukani. Nikavaa miwani ya kazi,
ile ninayotazamia matumbo ya vitasa.
Mfuko wa kwanza: picha ya kuku, kifua mbele, dhahabu tupu.
Nyuma, kwa herufi za chawa:
mahindi, ngano, mchele, ladha ya kuku.
Ladha! Kuku mwenyewe alipita tu mlangoni.
Mbuzi kwenye gunia nimewahi kuuziwa;
kuku kwenye gunia, hapana.
Paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya,
na panya, ukimhesabu, ni nyama, maji, mifupa,
na punje chache alizoiba.
Nikaanza kutafuta panya wa kopo.
Kopo la sita neno lake la kwanza lilikuwa bata mzinga,
la pili moyo, la tatu ini,
na bei yake ndiyo ninayotoza kubadilisha kitasa.
Nikalipa.

Farrusco alinusa mara moja,
akaparura sakafu kando ya sahani
kama anayefukia kosa la mwenzake.
Siku nzima hakula. Usiku nikampigia daktari.
"Usishindane naye. Paka akigoma siku mbili tatu,
ini linaweza kumgeuka.
Changanya. Robo mpya, robo tatu za zamani.
Na hao sadini waoshe kwanza."

Nikawaosha sadini wa Leonilde chini ya bomba, mmoja mmoja,
pilipili ikiteremka na maji, nyekundu,
nami nikijiona mtu anayefuta barua kabla ya kuisoma.
Robo. Siku ya nne, nusu.
Siku ya saba akaacha kulala mlangoni.
Siku ya tisa,
hapana, ya kumi,
maana ya tisa alitapika ndani ya kiatu changu,
akalamba bata mzinga hadi sahani ikagonga ukuta.

Limebaki kopo moja.
Nimelifungua leo, nikakata mkate.
Yeye ana chake. Mimi nina cha Leonilde.
Chumvi nyingi, jirani. Kweli nyingi.
Shingo huku, mkia kule, wamelala sawasawa,
hata wa pembeni, ambaye hakuna ambaye angemkagua.

Farrusco ameinua kichwa, masharubu mbele.
"Hapana," namwambia. "Figo."
Amekaa hivyo hivyo mpaka nimemaliza.

Kopo nimelisuuza,
lakini si sana,
nikaliweka juu ya friji.